Mwiko ya Joséphine mu Tangi ya Pili

Nyuma ya Mudzipela, mutaa yetu ya Bunia, pale njia inaanza kushuka, wakubwa na rafiki zao wa mbali walijenga usine ya mafuta. Hapana mafuta ya kupika sombe. Ni mafuta ya moto: pombe kali inayotoka mu muhogo na miwa, ya kutia mu majiko ya bati, ili watu waache kukata miti, ili wanyama wa pori ya Epulu wasikose kivuli. Nilisikiliza hotuba ya siku ya kufungua. Walisema vizuri sana. Majiko yenyewe yalifika mia tatu, na mpaka leo yote iko mazima mu depo, sababu hakuna mutu ameyagusa. Makala, yale makaa ya miti, inaendelea kupita mbele ya mulango ya usine kila asubuhi, magunia mawili mawili juu ya baiskeli, na wenye baiskeli wanamusalimia mulinzi kwa heshima.

Jina yangu Ambroise. Nilisoma mpaka mwaka ya nne ya primaire, nikatoka, sababu baba alihitaji muchungaji kuliko alihitaji mutu wa ofisi. Ng'ombe zile nilizichunga ziliisha mu vita. Wale walioamuru vita sasa wanatembea mu magari ya vioo nyeusi. Siye tulioikimbia tunatembea na miguu. Bibi yangu Joséphine, mwanamuke niliyemuoa, njo alitulisha hapa Bunia miaka kumi na nane. Alikuwaka anatonesha kaikpo, pombe kali ya muhogo, na watu walitoka mpaka Boga kuja kuichukua.

Alikufa miaka mbili imepita, kwa kukosa pumzi. Ku hospitali oksijeni ilikuwako, chupa mbili, niliziona na macho yangu kupitia dirisha ya chumba yenye kufungwa. Mwenye ufunguo alikuwa mu semineri. Kisha maziko nikapata habari kama ile semineri ilikuwa juu ya namna ya kupokea wagonjwa vizuri. Kila mutu alirudi na kofia.

Siku ya tatu ya matanga, shangazi yake, mama Élise, alikuja na wamama wa familia. Wakamwanga vyungu vyote vya Joséphine nyuma ya nyumba, wakaviosha na majivu. Kwao ni desturi: mwanamuke mwenye kupika pombe akikufa, chachu yake inamwangwa, haipite ku mukono ya mutu mwingine. Sikukatala. Nilisimama nikaangalia ile povu inaingia mu udongo, nikaona kama wanamuzika mara ya pili, na mara hii bila padri. Kitu moja tu ilibaki, mwiko yake ya kukoroga, muti murefu kuliko mimi, mweusi kwa moshi, umefungwa juu ku dari ya jikoni. Hakuna aliyeinua kichwa kuiona.

Kazi ku usine niliipata sababu mu rapport yao kulikuwa mustari wa kusema «watu wa hapa wamepata kazi», na walikosa watu wa kujaza ule mustari. Wakaniweka ku tangi ya pili. Tangi zilikuwa tatu, kila moja kubwa kuliko nyumba yangu. Kazi ni kukoroga uji ya muhogo na maji ya miwa, mara ine kwa siku, chachu ipate kula sukari vizuri na kuigeuza pombe; tukitoa pombe, tunaacha kidogo chini ianzishe uji mupya.

Direkta Aristide mwenyewe alinifundisha heshima. Chachu yao, alisema, haiko chachu ya wamama. Inafika na ndege, mu paketi ya kungaa, kila paketi na numero yake. Wanasayansi waliichagua kati ya zingine elfu, kama vile wanachagua maaskofu. Alisema nisiikaribie na mikono michafu. Nikanawa. Paketi ilikuwa inalala mu frigo, na frigo ilikuwa na groupe yake, mashini ya kutoa umeme. Mwaka ule Joséphine alikosa pumzi, sikuona groupe hata moja ku hospitali.

Mwiko ya proje, ule mradi wenye usine, ilikuwa ya plastiki, ya bulu, yenye kufika na karatasi tano za sahihi. Siku ya pili ilivunjika. Uji ya muhogo ni nzito, na ile kitu ilitengenezwa kwa kukoroga chai. Nikamuelezea direkta. Akaniambia nifanye état de besoin, ile karatasi ya kuomba vifaa, iende Kinshasa ipate sahihi. Ikaenda. Kama ilifika Kinshasa, naona ilipenda kule, sababu haijarudi mpaka leo.

Lakini muhogo haisome karatasi. Ukiacha kuikoroga, inashuka chini na kuoza. Basi nikaenda nyumbani, nikapanda juu ya kiti, nikafungua mwiko ya Joséphine ku dari. Ilikaa mu mikono yangu vizuri, pale mikono yake ilikula muti mpaka ukawa laini. Nikafanya kazi nayo. Jioni nikaikungʼuta, nikaisimamisha ku ukuta ikauke. Maji ya sabuni hapana. Mu nyumba yetu sabuni ilikuwa haikaribie mwiko. Mutoto akiiosha, siku ile hakuna mutu anakula kwa amani. Sikufikiri. Ni vile tu mutu anavua viatu mbele ya mulango ya kwake, hata kama hakuna tena mutu ndani wa kumugombeza.

Mule usine kulikuwa mutu moja tu mwenye kufanya kazi yake, na alikuwa musichana. Noëlla, wa upande ya Mahagi, baba yake muvuvi, yeye alisoma mpaka vitabu viliisha. Alikuwa na labo kadogo na mashini ya ukubwa wa radio. Kila siku mbili anakuja na vichupa kama kidole, anachota kijiko moja mu kila tangi, anaondoka. Siku moja nikamuuliza kama anaonja.

Akanieleza bila kunidharau. Chachu ni vitu vidogo vyenye uhai, milioni na milioni, na kwa macho vyote vinafanana. Lakini ndani ya kila kimoja kuko maandiko yenye kutoka kwa wazazi wake. Yeye anachukua kipande kidogo ya yale maandiko, mashini inakizalisha mara nyingi, kisha anakitembeza mu kitu kama jeli, na pale kinasimama kinafanya mustari. Kila ukoo na mistari yake. Nikamuambia basi ni kama ng'ombe. Kwetu kila mwenye zizi alikuwa anakata sikio ya ng'ombe yake namna yake. Zikichangana ku mutoni, unaangalia sikio, unajua ya nani. Akacheka sana, akasema ni vile kabisa, ila hii sikio iko ndani, na mwizi hawezi kuikata upya.

Chachu ya paketi ilikuwa na mistari mbili. Kazi ya Noëlla ilikuwa kuangalia kama zizi ingali ya mwenyewe, sababu wageni wanaingia: kutoka mu hewa, mu maganda ya miwa, ku mikono ya watu.

Juma ya kwanza, tangi zote tatu zilikuwa na mistari mbili. Juma ya pili, mu tangi yangu kukatokea kivuli ya mistari tatu. Juma ya tatu, nusu kwa nusu. Juma ya ine, ile chachu ya ndege, ya numero, ya frigo, ilikuwa imekwisha kabisa mu tangi ya pili. Mistari tatu tu.

Mimi niliona mambo, nikaendelea kukoroga. Tangi yangu ilikuwa inavuma kuliko zingine. Povu yake ilisimama juu kama kofia ya semineri. Na harufu. Ile harufu niliijua, lakini nikajiambia, Ambroise, mujane muzee anamunusa bibi yake fasi yote, hata mu kanisa.

Direkta akaita mukutano. Akatamka neno «contamination» vile padri anatamka jina ya Shetani. Akauliza nani anatia uchafu mu proje. Noëlla akatumwa na vijiti vya pamba kupangusa kila kitu: mikono yetu, buti, bomba ya maji, ukuta, hata kiti ya direkta, na pale sisi wote tulitamani kujua matokeo. Mwisho akafika ku mwiko, akaingiza pamba mu ufa mdogo, karibu na ncha.

Kisha siku mbili akanifuata nyuma ya tangi, mbele hajaenda kwa mukubwa.

«Papa Ambroise, hii mwiko ilitoka wapi?»

«Ni ya bibi yangu.»

«Alikuwaka anapika?»

«Miaka kumi na nane.»

Akageuza bidon, akaikalia. Akanionesha picha. Upande moja mistari mbili ya paketi. Upande mwingine tangi yangu, na kando yake mwiko, tatu na tatu, sawa kama masikio ya ng'ombe za zizi moja.

«Hii haiko mu orodha yetu yoyote,» akasema. «Nilitafuta. Ni yake.»

«Yake namna gani? Waliimwanga yote. Niliona.»

«Hawakuosha mwiko, papa.»

Nilishika ukingo ya tangi. Ndani mule kulikuwa kunavuma, litre elfu kadhaa, na mimi mwezi muzima nilikuwa nawaza niko nakoroga muhogo ya wakubwa. Nikamuambia Noëlla moshi imeniingia mu macho. Hakukuwa moshi, ni usine ya pombe, lakini ana adabu, akaangalia kando.

Akanieleza tena kama tangi ya pili inamaliza sukari mu siku tatu, wakati zingine zinachukua tano, na pombe inapatikana zaidi. Ile aliiandika mu rapport, ukurasa ya ine. Direkta alisoma mpaka ukurasa ya pili, sababu ya tatu haikuwa na picha. Na hata angesoma. Walishasaini paketi za miaka tatu, na mama moja wa wale wenye kutoa musaada alikuwa njiani kuja kuona vile paketi inafanya maajabu. Mutu hawezi kumuonesha mugeni kama maajabu yanafanywa na marehemu mupika kaikpo wa Mudzipela.

Basi nikapokea demande d'explication. Kama hujafanya kazi kwetu, hii ni barua mukubwa anakuandikia juu ya kosa, unapewa saa arobaini na nane za kujibu, na jibu haibadilishe kitu. Waliniuliza sababu gani niliingiza mu tangi organisme, kitu chenye uhai, isiyoruhusiwa. Noëlla alitaka kuniandikia. Nikakatala, nikaandika na mukono yangu:

«Bwana Direkta, salamu. Mwiko ya proje ilivunjika. Karatasi ya kuomba ingine iko mu safari. Muhogo haikuweza kungoja. Nikaleta mwiko ya kwangu. Ile organisme munatafuta ina jina, Joséphine, na inaruhusiwa, tulifunga ndoa mbele ya padri. Asante kwa kunielewa. Ambroise, tangi ya pili.»

Akaniita mu ofisi. Uamuzi ulishakatwa: tangi ya pili itamwangwa na kuoshwa na soda kali ya kuua chachu, mwiko itachomwa moto mbele ya wafanyakazi wote, PV, ile karatasi ya ushahidi, isainiwe, mimi nitabaki ku kazi kwa sababu ya roho yake nzuri. Nikamushukuru kwa roho yake nzuri. Nikaomba kitu moja, kikombe kimoja ya tangi ile, mbele soda haijatiwa.

«Haiwezekane, muzee. Kila kitu iko mu tangi ni mali ya proje.»

«Kama ni mali ya proje, mbona munaimwanga?»

«Sababu haiko ya proje.»

Siku ile nilifahamu kama kuongoza ni kazi ya kweli. Mutu kama mimi kichwa kingepasuka.

Wakatia soda. Niliisikia tangi ikinyamaza kidogo kidogo, kama mutu anayebishana na kuchoka. Pumzi ya mwisho ya Joséphine sikuifikia, nilikuwa ku mulango ya ofisi nauliza ufunguo. Hii ya pili nilisimama mpaka mwisho. Ikabaki mwiko tu, na mwiko walishaifungia mu depo, pamoja na majiko mia tatu.

Asubuhi ya kuchoma, tulipangwa mustari mu kiwanja. Mugeni alishafika, mama mwembamba na kamera, hakuelewa kinachochomwa, akafikiri ni sherehe. Direkta aliona pale nafasi. Akaamuru mwiko ichomwe na mafuta ya usine, ili mugeni aone nguvu yake. Wakailaza juu ya matofali mbili. Akamwanga chupa nzima na mukono yake, akawasha kiberiti.

Kiberiti ikazimika.

Akawasha ingine. Ikazimika. Akamwanga chupa ya pili. Sasa mwiko ilikuwa inaoga. Siye wa tangi tulijua: juma ile ya ugeni, chupa zilikuwa hazitoshe kujaza meza ya maonyesho, na direkta aliamuru waongeze maji «kidogo». Watu wetu wakiamriwa kuongeza maji, wanatii. Direkta akasema ni upepo. Bendera ilikuwa imelala ku muti wake kama suruali ya kuanika. Mugeni akashusha kamera.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza ile pombe inapenya mu ufa, mule alikobaki, kama aweza kuvumilia. Kisha direkta akamutuma mulinzi mbio kwa kadhafi, wale wauzaji wa esansi, ile petroli, mu chupa kando ya barabara. Na esansi haina maji. Ile inatoka Uganda, hakuna direkta ameigusa.

Niliwaza namna hii: mulinzi anaenda dakika tano na kurudi tano. Mu kumi ile, mulango hauna mutu.

Nikatoka mu mustari. Walifikiri naenda kuigeuza upande mwingine. Nikaiinua, nikaiweka ku bega, nikatembea. Sikukimbia, magoti yangu hayana tena ile kazi.

«Muzee Ambroise,» direkta akasema, sauti ya chini kwa sababu ya mugeni. «Ukipita ule mulango, usirudi.»

«Nitarudia nini, direkta? Mwiko ninayo.»

Nikapita. Mu Mudzipela wenye moto, wale wa pikipiki, waliniona na ule muti unaotonesha maji, moja akaniuliza ninaenda kupiga nani. Nikamujibu ni liste ndefu, nitaanza na wenye funguo.

Nyumbani nikapika chungu ya uji ya muhogo, nikatia maji ya miwa, nikangoja ipoe mpaka kidole kinavumilia, nikasimamisha mwiko ndani. Sijawahi kupika pombe mu maisha yangu. Miaka kumi na nane nilikunywa, nikatoa maoni.

Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya, na inzi moja. Nikaikalia karibu. Nikamuambia Joséphine kama nimeacha kazi juu yake, kama mama Élise akijua atanitukana mpaka ku babu zangu, na kama hii si wakati wa kuringa. Sikubembeleza. Yeye mwenyewe hakupendaka kubembelezwa. Siku ya tatu asubuhi, povu moja ikapanda kando ya muti, ikapasuka. Kisha ingine. Saa sita chungu ilikuwa inavuma.

Unafikiri nilifurahi. Nilianza kuogopa. Povu haina sikio yenye kukatwa. Kitu chochote cha hewani kingeweza kuingia mu chungu yangu na kuvuma, na mimi ningekuwa pale nasalimia mugeni kwa jina ya bibi yangu. Nikatuma habari kwa Noëlla.

Akakuja siku ya posho, ndiyo Jumamosi, kichupa mu mufuko ya sketi, akachota, akaondoka bila kunywa hata maji. Dawa ya mashini ni ya proje. Kwa mara ya kwanza ile proje ilifanya kitu kwa mutu wa Mudzipela, na ilibidi kuiba. Siku tatu nilikoroga bila kujua ninamukoroga nani.

Alirudi na picha, akaiweka juu ya magoti yangu, akaacha niisome mwenyewe. Mistari tatu, ya kungaa. Lakini chini yake, hafifu, kulikuwa ingine mbili.

«Huyu wa paketi anatafuta nini kwangu?» nikauliza.

«Aliingia mu mwiko mbele ya kuishiwa, ulipokuwa unawakoroga wote mu tangi. Ni kidogo, papa, pamba yangu haikumufikia. Labda kumi juu ya mia.»

«Na yeye?»

«Yeye ni tisini.»

Nilikasirika kidogo, halafu nikashindwa. Joséphine hakufukuzaka mutu ku meza yake, hata yule wa kodi alikuwa anakunywa na kuaga. Nikamuuliza Noëlla kama kuko dawa ya kumutoa yule mugeni. Akasema dawa haihitajike. Ya bibi yangu inakula mbio kuliko yeye. Mu juma mbili atakuwa amekosa sukari, ataisha mwenyewe, bila mukutano na bila PV.

«Basi tumuache akule,» nikasema. «Ametoka mbali.»

Nikasimama, nikashika mwiko. Saa ya kukoroga ilikuwa imefika.